Bahari Moja, Maji Mawili

Ua wa nyumba ya mlinzi ulikuwa umejaa maji. Hayakuwa maji ya mvua, maana mbingu zilikuwa zimefumba mkono kwa wiki kadhaa, wala hayakuwa ya bomba, maana bomba lenyewe lilikuwa likikohoa hewa tupu. Yalikuwa maji ya chumvi, ya rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni, na yalikuwa yamelala hapo muda wa kutosha kuota utando wa kijani. Kutoka mlango wa nje hadi barazani palipangwa matofali ya kukanyagia.

Inspekta, mwanamke wa makamo, alikanyaga tofali la kwanza, akangoja aone kama litacheza, ndipo akakanyaga la pili. Kituoni walimwita Chujio, kwa sababu neno halikupita kwake bila kuacha makapi, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Sajini wake, mwenye miguu mirefu na subira fupi, alikwisha kufika barazani.

"Hodi hapa, shemeji!"

"Shemeji wa kuoa wapi?" Sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Mume wangu hana ndugu polisi. Angekuwa naye, asingekuwa analala kwenye sakafu yenu."

Alitoka na mtoto mchanga begani, akimpigapiga mgongoni. Hakuwakaribisha kukaa, lakini alisukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa Inspekta, na Inspekta akakaa.

Sajini aliinua kidevu kuelekea ukutani. Viroba vyeupe vya plastiki vilikuwa vimepangwa pale, kila kimoja na mstari wa bluu ubavuni, vimejazwa udongo na kuoteshwa mchicha.

"Afande, unaona ninachokiona?"

"Naona."

"Ni vilevile."

Vilikuwa vilevile, hilo halikuwa na ubishi. Wiki iliyopita, wataalamu wa kituo cha utafiti wa mikoko na bahari walikuwa wameona kwenye picha za satelaiti kwamba mikoko ya mkondo mmoja imekauka. Walipopeleka mashua wakakuta mdomo wa mkondo umezibwa kwa ukuta wa viroba vya mchanga, vyeupe, vyenye mstari wa bluu. Mikoko ile inalindwa na sheria, na mwenye kuiua huhesabiwa miaka gerezani. Mlinzi wa lango la kituo hicho, ambaye watu walimbatiza Komeo kwa vile hakuna aliyepita kwake bila kibali, ndiye aliyekuwa peke yake huko katika majuma ambayo, kwa ushahidi wa picha, mkondo ulizibwa. Na nyumba yake ilikuwa juu ya mkondo huohuo. Sababu ilijileta yenyewe: mtu kaifungia bahari njia ili isimfikie. Kesho asubuhi angesomewa shitaka. Akishasomewa, dhamana hakuna, na kesi za aina ile huzeeka mahakamani kabla hazijazaa hukumu.

Inspekta alikuwa na siku hii moja.

"Hivi viroba vimetoka wapi?" aliuliza.

"Kazini kwake. Mafundi waliojenga jukwaa la kupimia waliacha rundo. Akaomba, akapewa. Au mchicha hauoti mpaka kiroba kiwe cha wizi?"

"Alikuwepo wakati wanajenga?"

"Atakuwepo vipi? Alikuwa na mimi hospitali." Alimgeuza mtoto ili wamwone, kana kwamba anatoa risiti. "Huyu alitoka kwa kisu, mwezi wa nne. Baba yake aliganda kwenye benchi la wodi mpaka manesi wakaanza kumtuma chai."

Sajini alicheka, kisha akakumbuka kazi iliyomleta. "Sikiliza, shemeji. Mtu akichoka kupiga deki ya bahari kila mwezi, anaweza kuamua aizibie. Si ajabu. Hata mimi ningefanya."

"Ungefanya wewe. Yeye ana akili." Alinyoosha mkono kuelekea uani. "Zamani bamvua likija, maji makubwa yale, yanaingia asubuhi, mchana yameshatoka, tunafagia, yamekwisha. Sasa yanaingia na hayatoki. Mtu gani anaziba mlango wa kutokea maji halafu anakuja kukaa ndani na mke na mtoto?"

"Pengine alikosea hesabu."

"Basi mshitakini kwa hesabu. Msimshitaki kwa mikoko."

Inspekta alikuwa akitazama mstari wa chumvi ukutani. "Yalianza lini kukataa kutoka?"

"Niliporudi hospitali na mshono wangu, niliyakuta. Nilivuka hayo matofali nimeshikwa huku na huku kama bibi harusi."

Njiani Sajini alisema kilichokuwa vichwani mwa wote wawili, ila yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya kukitoa. Mke anasema mkondo ulizibwa mwezi wa nne. Picha zinasema mwanzo wa mwezi wa sita mkondo ulikuwa wazi na mikoko ilikuwa hai. Mmoja kati yao amekosea, na kati ya mke wa mtuhumiwa na satelaiti, hakimu hahitaji mapumziko ili achague.

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Twende tukaisikilize na satelaiti."

*

Chumba cha ramani kilikuwa ghorofa ya pili, na kilikuwa na baridi. Mapazia yalikuwa mazito, na mashine zilizokuwa chini ya meza zilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mchora ramani alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sweta na soksi bila viatu. Mkurugenzi alisimama nyuma yake, mtu mzima mwenye sauti ya kupima, kalamu mbili mfukoni.

"Muulize lolote," alimwambia Inspekta. "Sisi hatuna la kuficha. Na uzuri wa satelaiti, Inspekta, ni kwamba haina ndugu hapa mtaani."

Kisha akaomba radhi, akaenda kwenye kikao chake.

Mchora ramani aliweka picha mbili kwenye kioo, bega kwa bega. Ya kushoto ilikuwa ya mwanzo wa mwezi wa sita. Ya kulia ya mwisho wa mwezi huohuo. Katika ile ya kushoto, pande zote mbili za mkondo kulikuwa na wekundu uliokolea.

"Huu wekundu wote ni mikoko hai," alisema.

"Nyekundu ndiyo hai?" Sajini aliuliza.

"Jani bichi linarudisha mwanga mwingi ambao jicho la mtu haliuoni. Programu inaupaka nyekundu ili tuuone."

"Kumbe sawa na kwetu. Damu ikiisha, maiti."

Katika picha ya kulia, damu ilikuwa imekwisha. Mikoko ya kando ya mkondo ilikuwa na rangi ya majivu. Kati ya picha hizi mbili, mchora ramani alieleza, wataalamu wote walikuwa ng'ambo kwenye mkutano, na ufunguo wa lango ulibaki kwa Komeo. Alisema hivyo bila chuki. Alikuwa akisoma kilichopo.

"Na mikoko hufa upesi hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Inategemea. Inapumua kwa mizizi inayochomoza kwenye tope. Maji yakiingia na kutoka, inapumua. Yakikaa, inazama imesimama. Tulishangaa kidogo kwamba imekufa haraka, lakini joto lilikuwa kali."

"Mlishangaa kidogo."

"Kidogo."

Inspekta alitikisa kichwa polepole. "Na tangu wakati huo hakuna aliyekwenda kuitazama kwa macho mpaka wiki iliyopita?"

"Hatukanyagi kule." Msichana alivuta karatasi akachora mstari na fimbo. "Ardhi ile inapanda. Kila maji yanapojaa huacha tope kidogo, na mizizi hulishika. Bahari nayo inapanda. Ni mashindano: tope likipanda upesi kuliko bahari, mikoko inaishi, likichelewa, inazama. Tunapima tope kwa fimbo ya chuma iliyoshindiliwa hadi kwenye mwamba. Sasa ukikanyaga karibu, umelishindilia tope, na kipimo kitasema ardhi imeshuka. Kwa hiyo mguu wa mtu unaishia kwenye daraja la mbao na jukwaa. Kwingine kote, marufuku. Hata mlinzi mwisho wake langoni."

"Kwa hiyo mnakilinda kitu kwa kutokitazama," Sajini alisema.

"Tunakitazama kutoka juu," alijibu, wala hakuudhika.

Ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya kile ambacho programu ilitabiri. Bluu ya miaka ijayo ilikuwa imepanda kutoka pwani, ikameza mikoko, ikaingia mitaani. Nyumba ya mlinzi ilikuwa chini ya bluu, pamoja na majirani zake wote. Mchora ramani alisema ramani hiyo ingesomwa kesho mbele ya kamati ya mipango miji, na kwamba mkondo ule ndio uliokuwa umeifundisha programu zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na fimbo.

Inspekta alirudi kwenye picha ya kushoto. Aliitazama kwa muda ambao Sajini aliutumia kupiga miayo, kusoma maandishi ya kizima moto, na kupiga miayo tena.

"Ikuze, mwanangu. Hapa pwani ya nje. Maji yamefika wapi?"

"Yamefika kwenye miti. Yamejaa. Satelaiti hupita saa ileile kila inapokuja, lakini bahari haifuati saa yetu. Siku nyingine inaikuta imejaa, nyingine imekupwa."

"Siku hii imejaa."

"Ndiyo."

"Sasa nipeleke ndani ya mkondo. Hii rangi ya kahawia ni nini?"

"Tope."

"Tope lenye maji juu yake, au tope tupu?"

"Tupu. Hapo maji yameku..." Mchora ramani aliacha neno njiani.

"Bahari ni moja?" Inspekta aliuliza.

"Ni moja."

"Basi mbona picha moja ina maji mawili?"

Sajini alijisogeza. "Afande, pengine ukuta ulikwisha kuwepo. Ukayazuia maji nje."

"Ungekuwepo, yale ya bamvua yanayoruka juu ya ukuta yangekuwa yamenasa ndani, kama pale uani. Na kama ulikuwepo siku hii, basi ulijengwa kabla Komeo hajaachiwa ufunguo. Kwa vyovyote vile, una mtu mahabusu kwa picha isiyokubaliana na yenyewe."

Mchora ramani hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama, vidole vyake vikigonga upesi. Picha ya kushoto ilitoweka, ikaja nyingine ya siku ileile, mbichi, haijatengenezwa. Juu ya mkondo palikaa kitu cheupe, kinene, kama pamba iliyobandikwa kwenye kidonda.

"Wingu," alisema.

"Liko wapi kwenye ile ya kwanza?"

"Limetolewa." Alijifuta mikono kwenye sweta. "Hesabu za kutabiri hazipendi tundu. Ukiacha tundu, zinagoma. Kwa hiyo programu ikikuta wingu, inalikata, inatafuta picha ya nyuma ambayo mahali pale palikuwa peupe, inachukua kipande na kukishona. Rangi inalinganishwa, huoni hata uzi."

"Inashona kiraka."

"Kiraka, ndiyo."

"Na hiki kiraka ni cha lini?"

Alitafuta. Alipopata, alisoma mara mbili kabla hajasema. "Mwezi wa tatu. Baada ya hapo mvua zilianza, mawingu hayakuondoka juu ya mkondo."

"Kwa hiyo mnajua mkondo ulikuwa wazi mwezi wa tatu. Mwezi wa sita hamjui."

"Hatujui."

"Nani humu ndani anafahamu kwamba picha zenu zina viraka?"

"Sisi sote," alisema. "Ndiyo maana hakuna anayesema."

*

Sajini alikuwa wa kwanza kuona ubaya wa jambo lile. Kiraka kilikuwa kimevunja ushahidi, lakini hakikumweka Komeo nje ya mkondo. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita kulikuwa na siku nyingi, na katika nyingi alikuwa langoni. Mwendesha mashtaka angepanua tarehe kama mtu anavyolegeza mkanda baada ya kula, na shitaka lingesomwa vilevile.

"Tunahitaji siku yenyewe," alisema. "Na siku yenyewe iko chini ya mawingu."

Inspekta alimgeukia mchora ramani. "Hakuna jicho linalopenya wingu?"

"Lipo. La rada." Alisita. "Lakini hatulitumii kwa mikoko ile. Halioni rangi. Picha zake ni kama mchanga uliomwagwa."

"Linaona maji?"

"Linaona maji vizuri sana. Rada inatuma wimbi chini. Likikuta tope tupu, linatawanyika hovyo. Likikuta maji yaliyotulia chini ya miti, linadunda kwenye maji, linagonga shina, linarudi juu kwa nguvu. Mahali hapo panang'aa."

"Basi usinipe zote. Nipe zile zilizopigwa maji yakiwa yamekupwa tu. Mkondo ulio wazi, maji yakikupwa, ndani kunakuwa..."

"...kweusi," msichana alimalizia. Alikwisha kuelewa, na sasa ndiye aliyekuwa akimtangulia Inspekta. "Na uliozibwa unang'aa hata bahari ikiwa mbali. Ngoja. Ngoja kidogo."

Walingoja. Mashine zilinguruma. Sajini alipewa kiti chenye magurudumu, akaonywa asikichezee, akakichezea.

Picha za rada zilikuja moja baada ya nyingine, nyeusi na kijivu, kweli kama mchanga. Mwezi wa tatu, mkondo mweusi. Mwanzo wa mwezi wa nne, mweusi. Iliyofuata, ya wiki ya pili ya mwezi wa nne, ilikuwa na doa jeupe kwenye mdomo wa mkondo, na nyuma ya doa, weupe hafifu. Iliyofuata hiyo iling'aa kuanzia mdomoni hadi kwenye nyumba. Baada ya hapo mkondo haukurudi kuwa mweusi tena, hata siku ambazo bahari ilikuwa imejivuta mpaka mbali.

"Wiki ya pili," Inspekta alisema. "Sajini, hospitali. Nataka kusikia kwa nesi, si kwa mke. Na ukitoka hapo, nitafutie fundi aliyejenga jukwaa."

Sajini alipiga simu baada ya saa moja na ushei, akiwa bado kwenye korido ya wodi. Nesi mkuu alimkumbuka mtu wa benchi bila kuangalia popote. Wiki ile nzima hakuondoka. "Anasema walitaka kumpa sare, afande. Alianza kuwazuia watu wasioonyesha kadi ya kuingia wodini."

Fundi naye alipatikana, yuko juu ya paa la mtu, anapiga kelele kushindana na nyundo za wenzake. Sajini alimpigia kwa simu nyingine, akaweka simu karibu na simu ili Inspekta asikie mwenyewe.

"Tuliziba, ndiyo!" fundi alisema. "Ungesimamishaje nguzo kwenye maji? Unaziba mkondo, unakauka, unachimba. Hata mtoto anajua."

"Ufunguo wa lango alikupa nani?"

"Mkurugenzi. Mlinzi alikuwa kajifungua. Mkewe, namaanisha."

"Na mlipomaliza, kwa nini hamkuzibua?"

"Mama, kuziba tuliambiwa. Kuzibua hatukuambiwa. Tena tulikatazwa kuzurura kwenye tope lao. Tulirudi kwa njia ya mbao mguu mmoja mmoja kama kuku wa kufungwa. Kwani hawajavitoa mpaka leo?"

Inspekta alimshukuru, akakata simu. Mchora ramani alikuwa amekaa ameshika mdomo. Haikuwa hofu. Alikuwa anahesabu.

*

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Alizitazama picha za rada zikiwa zimetandazwa mezani kwake, akazipanga upya ziwe sawa pembe kwa pembe, ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Nilidhani wameviondoa," alisema.

"Ulikwenda kuangalia?"

"Hatukanyagi kule, Inspekta."

"Nimeelezwa."

"Nilipokuletea taarifa wiki iliyopita, nikasema hakuna mtu mwingine aliyeingia, nilikuwa nasema kweli. Kati ya picha zile mbili hakuingia mtu."

"Sikusema umenidanganya."

Mkurugenzi aliitazama nakala ndogo ya ramani ya bluu iliyokuwa kwenye fremu. Aliposema tena, sauti ilikuwa ileile ya kupima. "Kamati inakaa kesho. Ikisikia kwamba mkondo tuliojifunzia tuliuua wenyewe, haitaitupa ramani hii peke yake. Itatupa kila kitu, hata yale tuliyoyapata sawa. Na bahari inapanda kweli. Hilo halitegemei viroba. Nipe wiki moja niitengeneze, kisha uandike utakavyo."

"Hiyo wiki ataikalia nani?"

Mkurugenzi alizisogeza tena picha za rada pembe kwa pembe.

"Nauliza kwa sababu ni swali la kawaida," Inspekta alisema. "Shitaka linasomwa kesho. Nikikupa wiki, lazima niipate kwa mtu."

Mlango uligongwa. Mchora ramani aliingia, sasa akiwa na viatu. "Nimeutoa mkondo ule kwenye hesabu," alimwambia Mkurugenzi. "Programu iliona mikoko ikifa kwa viroba, ikadhani inakufa kwa bahari. Ndiyo maana iliipaka pwani yote bluu."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Na sasa inasema nini?"

"Bado inahesabu. Huenda bahari itashinda vilevile, mzee. Lakini ishinde kwa nguvu zake."

Mkurugenzi alivua miwani. Inspekta alichukua simu ya mezani, akaomba ruhusa kwa kuitikisa kidogo, naye akaitikia kwa mkono. Alipiga kwa mwendesha mashtaka. Alisema jina la kesi, akasema tarehe za picha, akasema rada, akasema nesi, akasema fundi, kwa mpangilio huo. Halafu akangoja mwenzake apitie yote kwa mpangilio wake mwenyewe. Mwishoni alisema, "Ndiyo. Usimsomee." Akarudisha simu mahali pake.

"Nitahitaji maelezo yako, Mkurugenzi," alisema. "Leo jioni au kesho baada ya kamati. Chagua."

"Kabla ya kamati," alisema Mkurugenzi. "Nikiingia kule nataka niwe nimeshasema mara moja."

*

Komeo alikuwa mtu mkubwa, mpole wa mikono. Kaunta ya kituo ilikuwa fupi kwake. Alirudishiwa mkanda, akauvaa. Alirudishiwa viatu, akavikung'uta kwanza kama mtu anayetazama kama vina mdudu. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto, hakuingia, kwa maelezo kwamba sakafu ile ameisikia vya kutosha.

"Swali moja tu," Inspekta alisema. "Ulipohojiwa, kwa nini hukutaja mafundi?"

"Niliulizwa nani aliingia mwezi wa sita. Mwezi wa sita hakuingia mtu. Nami kudanganya sikutaka."

Sajini alipiga paji la uso. "Lakini ungeongeza tu, ndugu yangu! Mtu unakwenda jela, unangoja mpaka uulizwe mwezi sahihi?"

"Nilitaka kuongeza." Komeo alimtazama bila kinyongo. "Nilianza, ukaniambia, 'Jibu ulichoulizwa.' Nikaanza tena, ukaniambia tena."

Askari wa kaunta aligundua ghafla kwamba karatasi zake zinahitaji kupangwa. Sajini alitazama dari, ambako hakukuwa na kitu.

Inspekta hakumtetea Sajini na hakumkaripia. "Na hivi sasa," alimwuliza mlinzi, "kuna kitu ambacho hatujakuuliza?"

Komeo alifikiri. Alimtazama mkewe pale mlangoni, naye mkewe akaitikia kwa macho.

"Kipo, afande. Keshokutwa ni bamvua, tena kubwa. Yale ya mwezi jana hayajatoka bado. Haya mapya yakiingia juu yake, yatapanda barazani, yatafika kitandani. Na viroba viko palepale."

"Viroba ni vielelezo," Sajini alisema, akifurahi kupata jambo analolijua. "Haviguswi. Mpaka jalada lifungwe, mpaka..."

"Kielelezo hukaa wapi, Sajini?" Inspekta aliuliza.

"Stoo ya vielelezo, afande."

"Hivi viko stoo?"

"Viko... viko mkondoni, afande."

"Basi vimewekwa pasipo pake." Alitazama saa ya ukutani, kisha dirishani, ingawa kutoka pale bahari haikuonekana. Alimwuliza Komeo maji yatakuwa yamekupwa saa ngapi. Komeo akamwambia, hakuongeza neno.

"Mwite mpiga picha," Inspekta alisema. "Kila kiroba kipigwe picha kikiwa mahali pake, kipewe namba, kipakiwe. Tafuta mashua. Tafuta na buti."

"Vyote, afande? Ni ukuta mzima ule. Vina tope la miezi. Stoo itanuka mpaka tustaafu."

"Itanuka," Inspekta alikubali, akainama, akaanza kukunja suruali yake.